Misuli ya Mbaazi

Nyama ndiyo iliyoniacha, siyo mimi niliyeiacha. Nilikuwa nimeugua taifodi, nimelala hadi mgongo ukachubuka, na siku nilipoanza kupata nafuu mama akaniletea supu ya kongoro. Nilipoitia mdomoni nikaona kama nimelamba msumari wenye kutu. Mama akasema ni uchungu wa dawa, utapita. Haukupita. Baada ya nyama wakafuata samaki, na baada ya samaki ikawa hata dagaa wakikaangwa kwa jirani natoka nje nikasimame barabarani. Nikawa mtu wa mbaazi, kunde, choroko, kisamvu na maziwa.

Mambo yangeishia hapo kama baba yangu angekuwa seremala. Lakini baba alikuwa na bucha, hapahapa Nguvumali, alilolifungua kabla sijazaliwa, na watu wa mtaa walimwamini kwa nyama kuliko walivyoziamini mizani zao wenyewe. Alipoona sili nyama hakunigombeza. Aliniomba kitu kimoja tu: nisiseme huko nje. Nikaona ni jambo dogo. Wakati ule nilikuwa fundi simu, nina kibanda changu karibu na stendi, na hakuna aliyewahi kumuuliza fundi simu amekula nini.

Kisha baba akapigwa na kiharusi. Alitoka msikitini alfajiri akiwa mzima, akakaa barazani kusubiri chai, na mama alipoileta akamkuta mdomo umevutwa upande na mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Alipona kiasi cha kutembea kwa fimbo na kusema maneno machache kwa taabu. Kushika shoka, basi tena. Dada zangu wote wameolewa, mkubwa yuko Moa, na mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Nikafunga kibanda changu, nikawaambia wateja ni kwa muda.

Siku ya kwanza kijana wa machinjioni alifika na pikipiki, akanibwagia paja la ng'ombe begani. Nilikuwa mwembamba tangu utoto na ugonjwa ulikuwa umenimaliza zaidi. Nilipiga hatua moja kuelekea kwenye ndoana, magoti yakakunjika, tukaenda chini mimi na paja, mimi chini yake. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Mzee mmoja akasema safari hii ng'ombe ndiye aliyemchinja mtu, na watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya mlango. Yeye hakucheka. Alitazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamsubiri.

Haukupita muda, baba mdogo akaja kutoka Moa. Alikuwa amepata mtu wa kulikodi bucha, mtu mzoefu, na alisema mbele ya wazazi wangu bila kuficha kwamba mimi sina mwili wa kazi ile, niachwe nirudi kwenye simu zangu. Ndicho nilichokuwa nikikiomba kila sala. Lakini lile neno, hana mwili, lilisemwa mama akiwa anasikia, na mama aliinamisha kichwa. Nikahisi masikio yanawaka. Baba akasema tusubiri Idi ya kuchinja ipite, kwa kuwa ndio msimu, halafu wataamua.

Nilikuwa nataka mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Nilitaka kutoka buchani, na sikutaka kutoka kama mtu aliyeshindwa kunyanyua paja. Nikaenda jimu.

Ilikuwa ni uwanja nyuma ya gereji: ekseli za lori, gia kuukuu zilizounganishwa kwa bomba, na makopo ya rangi yaliyomwagiwa zege. Mwalimu wake aliwahi kuwa mpagazi bandarini, na shingo yake ilikuwa imeshikana na mabega bila mpaka. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia, akafurahi sana. Alisema vijana wake wanajinyima ili wapate mayai mawili, na mimi nalala na nyama. Akaniagiza steki kila siku, na maini mara mbili kwa wiki. Nikaitikia. Ningemwambiaje? Angemwambia mwingine, na huyo mwingine ananunua nyama kwetu. Kwa hiyo siri niliyokuwa naificha buchani nikaanza kuificha na jimu pia.

Ukimtoa baba, aliyejua ninachokula ni mama peke yake. Alikuwa akiamka kabla ya adhana kunisagia karanga na ufuta nitie kwenye uji. Mchana alinifungia bakuli la mbaazi za nazi na bada la unga wa muhogo, siku nyingine kunde na wali, na maziwa mgando kwenye chupa. Nilikula nimesimama, kwenye kachumba ka nyuma kenye friji, nimeegemea mlango kwa mgongo mtu asije akaufungua. Kupitia ubao nilikuwa nawasikia wateja wakiniita. Nilitafuna haraka, napangusa nazi mdomoni kwa aproni yenye damu.

Miezi ya mwanzo sikupata kitu isipokuwa tumbo kujaa hewa. Vijana wa jimu waliokula vidari vya kuku walinenepa mabega mbele ya macho yangu, na mimi nikibaki na mbavu zangu. Mwalimu akaanza kunitilia shaka. Alisema ama ninauza steki yote ama nina minyoo, akanishauri nimeze dawa. Nikameza, ili tu aridhike. Nyumbani nikamwambia mama aongeze. Bakuli likawa mawili. Nilikula hata nisipokuwa na njaa, kama mtu anayejaza gunia, na usiku nililala kwa ubavu mmoja kwa sababu tumbo lilikataa huo mwingine.

Mwili ulikuja bila kupiga hodi. Shati la Ijumaa likakataa kufunga kifua. Kisha asubuhi moja kijana wa machinjioni akanibwagia paja, nikalipeleka kwenye ndoana, nikalitundika, nikageuka kuchukua la pili, ndipo nikatambua nilichofanya. Baba alikuwa ananitazama. Akaniita kwa kichwa. Nilipoinama kwake akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akanibinya bega, akashuka hadi kwenye mkono, akabinya na hapo, taratibu, kwa vidole vilevile alivyokuwa akivitumia kumpima fahali mnadani. Macho yake yalijaa machozi. Sikuwahi kumfurahisha hivyo katika maisha yangu, na nilijua papo hapo kwamba nimejifungia mlango.

Idi ikapita. Baba mdogo akaja na yule mpangaji, mtu mpole, amevaa kanzu yake safi. Mama akaleta chai na mahamri. Baba akasubiri wamalize kikombe cha kwanza, kisha akasema kwa ule ulimi wake mzito:

"Halikodishwi. Mwanangu amepata mwili."

Baba mdogo akanitazama, nadhani alitegemea niseme kitu. Nikaanza kusema kuhusu kibanda changu, kuhusu simu. Baba akasema simu kila mtu anatengeneza. Mpangaji akatabasamu, akanipongeza, akasema kweli mwili wa namna ile hauachwi ukae kwenye kibanda cha simu. Nikamshukuru. Nikammiminia kikombe cha pili.

Tangu hapo biashara ikapanda. Watu waliokuwa wamehamia bucha la ng'ambo wakarudi, na sababu niliisikia kwa masikio yangu: tazama mkono ule, hiyo ndiyo nyama ya hapa. Baba akaanza kunitaka nikunje mikono ya shati. Mteja akiuliza nyama ya leo ni laini, naitikia ni laini, na mimi sijui hata ladha ya iliyo ngumu.

Jambo lililonishinda ni la mama mmoja, mtu mzima, anayekaa upande wa pili wa reli. Binti yake alikuwa amejifungua na hakuwa akirudi katika hali yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono juu ya meza na kuniuliza, kwa upole kabisa, mimi nakula nini, ili akampikie mwanawe. Kabla sijafungua mdomo baba akajibu kutoka kwenye kiti chake:

"Maini. Kila siku."

Nikampimia maini. Alipoondoka nikashindwa kusimama pale. Nikatoka na aproni yangu, nikamkuta anakaribia kona, nikamwambia maini ni mazuri, ampe binti yake na ampeleke hospitali, lakini asiseme mimi nimejengwa na maini. Nikamwambia sijala nyama miaka sasa. Mwili huu ni wa mbaazi na kunde.

Akacheka, akanipiga bega kwa kiganja.

"Mwanangu, mwili wote huu wa mbaazi? Rudi kivulini, jua limekupiga."

Akalisambaza neno langu mtaani. Kesho yake watu walikuja wakiniomba kilo ya mbaazi, wakicheka. Wengine walisema mtoto wa mzee ana unyenyekevu, hataki kijicho. Niliisema kweli mchana kweupe na haikupata pa kukaa.

Baba alizipata habari. Jioni ile, tulipokuwa tunasugua gogo la kukatia nyama na yeye ananielekeza kwa fimbo pale palipobaki damu, akaniambia nisogee. Alinukia uvumba wa nyumbani na mafuta ya kuchulia mkono.

"Chakula chako ni chako," akasema. "Bucha ni letu."

Nikamwuliza, "Na mimi, baba, ni wa nani?"

Akafikiri. Niliona anatafuta neno, na sijui kama lilimkosa kwa ugonjwa au halikuwepo. Mwishowe akanionyesha kwa fimbo kona ya gogo niliyoiruka, nikaisugua.

Bado niko hapo. Kibanda changu sasa kinauza chipsi. Siwezi kuacha jimu, kwa kuwa mwili wa kunde ukiuacha kidogo unaondoka, na paja la ng'ombe halipungui uzito. Mwezi uliopita baba aliita mchoraji aje achore ukuta wa mbele wa bucha. Nikasimamishwa juani nimebeba paja begani, jasho likinitiririka, wapita njia wakisimama kutoa maoni yao. Mchoraji ni hodari. Mkono aliupata, shingo aliipata, hata kovu la kidevuni hakulisahau. Alipomaliza nikaona amenichora nacheka. Nikamwambia mimi sikucheka. Akasema anajua, lakini mzee ndiye aliyemwagiza hivyo, na rangi imeshakauka.