Nyamanza Hakuimba

Winfrida wa Katubuka ana simu mbili, lakini habari za wageni huzipata kwa ndege. Nyamanza, kile kindege cheusi na cheupe kinachotikisa mkia kutwa nzima, kikiimba uani, mgeni yuko njiani. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, na somo hilo halijawahi kumtoka.

Wiki hiyo wazee wa mchumba wa bintiye, Recho, walituma neno kwamba wangeleta posa. Siku hawakuitaja. Akutwe jikoni hana kitu? Bora ziwa likauke. Jumatatu nyamanza akaimba, migebuka ya ziwani ikakaangwa kwa mawese. Hakuja mtu. Jumanne akaimba, ikakaangwa mingine. Jumatano vilevile. Paka wa mtaa mzima wakahamia hapo.

"Shoga," alisema jirani yake, Zaitun, akijichagulia mgebuka wa tatu, "huyo ndege anagombana na saitimira ya pikipiki ya mdogo wako. Anadhani mna dume mwenzake kwenye kioo. Mwone anavyodonoa!"

"Wewe kula tu. Mambo ya Waha tuachie wenyewe."

Alhamisi huyo mdogo wake, Nehemia, aliondoka alfajiri na pikipiki kupeleka abiria Ujiji. Nyamanza akakuta adui hayupo. Akatembea uani kimya, akiokota wadudu kama mstaafu. Winfrida akashusha pumzi: leo hakuna mgeni. Akajifunga kanga iliyotoboka, akapasha sombe, kile kisamvu cha jana.

Saa sita mchana, "Hodi!" Wazee wanne wa posa, makoti mazito juani, msemaji wao Mzee Oswald mbele.

Sombe likaliwa kwa ugali. Recho, nyuma ya pazia, aliona ndoa yake ikielea kwenye bakuli. Mama yake akashindwa kuvumilia aibu.

"Mnisamehe, wazee wangu. Nyamanza hakuimba."

Zaitun, aliyekuja kusaidia kupakua, akauma kanga asicheke. Mzee Oswald akaweka tonge chini.

"Hakuimba kabisa?"

"Hata mluzi, Mzee."

Mzee akawageukia wenzake. "Mmesikia? Nyamanza hutangaza wageni. Sisi hakututangaza. Basi hapa si ugenini, ni kwetu. Ndege ameshakubali posa, Mama Recho unangoja nini?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa uzito wa majaji. Winfrida akakubali haraka, kabla hawajaomba mboga nyingine. Nyuma ya pazia kikalia kigelegele kisicho na adabu hata kidogo.

"Hongereni," alisema Zaitun. "Na kwa kuwa ni kwenu, Mzee, maji yamekatika tangu jana. Ndoo zile pale."

Wazee wakacheka. Zaitun hakucheka. Mzee Oswald akaanza kuvua koti.