Chupa Iliyoitwa Mpole

Mimi nina hasira, sikatai. Nimezaliwa kambini, baba askari wa jeshi, mama Mnubi, na kwetu mtu aliyeongea taratibu aliulizwa kama ana homa. Kwa hiyo siku wenzangu wa maabara walipoandika MPOLE kwenye chupa yenye maji ya damu yangu, mume wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni, pale pale jikoni, mwiko ukiwa mkononi.

"Wewe? Mpole?" akauliza. "Wamepima nini hao, damu au maziwa?"

Nieleze kazi yenyewe, maana majirani zangu wa mtaa wa Bukoto wanadhani nashinda nikiosha figo kwenye beseni. Sisi tunapima kama mwili wa mgonjwa utakubali figo ya mtu mwingine. Unachukua seli za damu za yule anayetaka kutoa figo, unazitia kwenye vishimo vya sahani ndogo ya plastiki, kisha unazidondoshea maji ya damu ya mgonjwa, yale ya njano yanayobaki juu damu ikituama. Unangoja, unatia rangi, unachungulia kwa hadubini. Seli zilizo hai zinang'aa. Zilizouawa zimekunywa rangi na kuvimba. Ukiona zimevimba, basi, safari imeishia hapo: ndani ya mgonjwa kuna askari wanaomjua adui huyo tayari, na figo yake ikiingia wataimaliza kabla mshono haujakauka.

Kila kipimo kina mashahidi wawili. Mmoja tunamwita Mkali, maji ya damu yanayoua kila seli. Mwingine ni Mpole, asiyeua chochote. Mkali akishindwa kuua, au Mpole akiua, kishimo cha mgonjwa hata hukisomi. Sahani nzima inakwenda kwenye taka.

Mpole tulikuwa tunamwagiza kutoka nje. Mwaka ule mzigo ukakwama uwanja wa ndege wa Entebbe, mara karatasi hii haipo, mara mwenye muhuri kaenda mazishini. Mkuu wetu, mzee mmoja mkimya ambaye hata akipiga chafya huomba radhi, akasema tujitegemee. Tukatolewa damu wote, kila mtu akalipwa rolex moja ya moto, chapati yetu ile iliyoviringishwa na mayai. Maji ya kila mmoja yakajaribiwa juu ya seli za wote, hadi za walinzi wa getini. Yangu hayakumgusa mtu.

"Mzee," nikamwambia, "damu ya mwanamke aliyezaa haifai ushahidi. Mimi nina wanne."

"Ni kwa muda tu, mama," akasema. "Mzigo ukifika tunaitupa."

Nikaliacha hapo. Na nitasema kweli, nilifurahi kidogo. Nani mwingine katika ukoo wetu ana cheti cha upole?

Mambo yakaja kuharibika kwa sababu ya wifi yangu. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, fundi cherehani wa Namuwongo, mwanamke wa maneno. Mimi na yeye tulikuwa tunagombana tangu harusini, na tukikosa la kugombania tunapigiana simu kulitafuta. Presha ikamwua figo zote mbili. Akawa mtu wa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu kila wiki, kila akitoka amepungua, na mbaya zaidi, akaacha kunijibu. Nilimwambia gauni aliloshona limepinda, akasema, "Ndiyo, wifi, limepinda." Nilitoka nje nikalia.

Alihitaji figo. Ndugu mmoja ana sukari, mwingine ana presha ile ile. Akabaki mume wangu peke yake. Akikosekana huyo, hakuna mwingine.

Mume wangu ni polisi, mtoto wa polisi. Amewahi kumkamata mwizi mwenye panga, yeye mwenyewe akiwa amevaa kandambili tu. Lakini sindano! Siku ya kutolewa damu alinishika mkono kama mama anayejifungua, akamuuliza muuguzi kama hawawezi kutumia mate.

Kwa kuwa ni mtu wangu, Mzee alinikataza kugusa kipimo kile. Akapewa mwenzangu mmoja, mseja mwangalifu sana, anayepanga hata penseli kwa urefu. Mimi nikafungiwa chumba cha chai, nikakoroga kikombe kimoja mpaka kikapoa. Mseja akatoka uso umemshuka.

"Dada, Mpole kaua."

"Kaua seli za nani?"

"Za shemeji. Nilipoziweka zilikuwa hai, nimeziona kwa macho yangu. Sahani nimeitupa."

Tukamtoa damu tena, naye akaomba tena habari ya mate. Majibu yale yale: Mpole kaua. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, kwa sauti ya kuomba radhi, kwamba huenda seli za shemeji yetu ni dhaifu, zinakufa zenyewe, na mtu wa namna hiyo hawezi kutolewa figo mpaka achunguzwe. Na uchunguzi huo ungechukua muda ambao wifi yangu hakuwa nao.

Toba! Nani alinituma nikamweleze mume wangu kwa maneno yale yale?

"Seli zangu zinakufa zenyewe," akarudia. Akakaa kitandani. Kesho yake akampa jirani viatu vyake vya Jumapili. Akamwonyesha mtoto wetu wa kwanza swichi kubwa ya umeme ilipo. Akaanza kunibembeleza, haki ya Mungu, akaosha vyombo! Mama mkwe akaja kutoka Luzira na chupa ya dawa ya mizizi chungu kupita maelezo, akamsimamia mwanawe mpaka akaimaliza. Naye wifi akanipigia simu kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea.

"Wifi, niambie ukweli. Ndugu yangu anaumwa?"

"Sijui, wifi."

"Basi mwacheni. Mimi nimeshaishi vya kutosha. Msimsumbue kwa ajili yangu."

Nilimfokea. Nilimwambia asiniletee mambo ya kufa, kuna magauni ya watu hajamaliza.

Asubuhi nikaingia maabara nikitafuta wa kugombana naye, nikamkuta mseja.

"Huu mzigo mpya uliotoka Entebbe umeoza," nikamwambia, maana nilisikia mwenye muhuri karudi kazini, nikadhani mzigo umeshatoka. "Mpole wa nje gani huyu anaua watu? Andika barua, tuwashtaki!"

Akanitazama. "Mzigo gani, dada? Mzigo bado uko Entebbe."

"Sasa mlitumia Mpole gani?"

"Si wako?"

Nilipiga ukelele walinzi wakaja mbio. Mpole mimi! Juu ya seli za mume wangu mimi! Niliyemzalia wanne!

Mambo ni haya. Mtoto tumboni nusu ni wa baba yake. Damu ya mama inakutana na alama za yule mwanaume, inaziona ngeni, na pengine inatengeneza askari wa kupigana nazo. Mtoto hadhuriki, amekingwa. Lakini askari wale wanabaki, hata miaka na miaka. Ndiyo maana damu yangu ilikaa kimya kwa wenzangu wote na walinzi wao: hakuna hata mmoja aliyekuwa na alama zile. Ilikuwa na ugomvi na mtu mmoja tu, na wao kwa ujinga wao wakamlaza juu ya sahani wakamwitia mimi.

Mseja akashika kichwa. Yeye alipokea chupa iliyoandikwa MPOLE. Angejuaje mambo ya watu na ndoa zao? Mzee alikunja mkono wa shati, akaketi, akanyoosha mkono atolewe damu yake mwenyewe. Wakaijaribu kwa kila mtu aliyekuwapo, haikumgusa mtu, akawa yeye Mpole mpya, nasi akina mama tuliozaa tukapigwa marufuku ya kudumu kuwa Mpole. Mume wangu akaitwa mara ya tatu. Safari hii hakuuliza habari ya mate, alifumba macho tu akimwombea dada yake.

Nikarudi chumba cha chai. Mseja alipotoka alikuwa anacheza, yeye ambaye harusini hukaa kulinda mikoba ya wanaocheza.

"Mkali kaua! Mpole katulia! Na kishimo cha mgonjwa, dada, zinang'aa zote!"

Nikaketi chini palepale, nikacheka na kulia pamoja, na kamasi juu.

Jioni tukaketi kwetu, mimi, mume wangu na mama mkwe, nikawaeleza kila kitu. Figo inakubalika. Seli za mwanao ni nzima, Mama. Iliyokuwa inaziua ni damu yangu.

Mume wangu akaruka. "Nilijua! Miaka yote hii nilijua!"

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mama!" nikapandisha sauti. "Askari hawa nimewapata kwa mimba za huyu huyu mwanao! Angeniacha nilivyokuwa, ningekuwa mpole mpaka leo!"

Mume wangu akaangalia dari. Mama mkwe akafikiri sana, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Na damu yangu je? Baba yao alishakufa."

"Yako pia huenda ina askari hao, Mama. Huenda bado inamtafuta igombane naye."

Akajifunika vizuri khanga mabegani. "Iendelee," akasema. "Alinichokoza sana yule mtu."

Siku ya upasuaji mimi na mama mkwe tulikaa kwenye benchi la hospitali, tumeshikana mikono. Kwetu maabara kazi huishia kwenye sahani. Sikuwahi kukaa upande ule wa mlango. Niliogopa vishimo vyetu vyote vimesema uongo. Mume wangu akatolewa kwanza, amelewa dawa, anauliza dada yuko wapi.

Figo mpya haina namna nyingine ya kusema imefika: ikikubali, mgonjwa anakojoa. Tuliporuhusiwa kuingia, wifi alikuwa amelala amevimba uso, na kando ya kitanda ulining'inia mfuko wa plastiki, umejaa nusu, rangi ya chai nyepesi. Mama mkwe wangu, mjane wa ofisa wa polisi, mwanamke ambaye hajawahi kutamka neno choo mbele yangu, akauinua mfuko ule kwa mikono miwili. Akamwonyesha muuguzi. Akamwonyesha mgonjwa wa kitanda cha pili na mumewe. Akaelekea mlangoni kuwaonyesha wapita njia, mpaka mpira unaouunganisha na mgonjwa ukamzuia.

"Mama," wifi akasema kutoka kwenye mto, kwa sauti yake ile ya zamani ya ugomvi, "acha kuwaonyesha watu mkojo wangu!"

"Nyamaza," akasema mama mkwe. "Mkojo huu nimeuombea kwa magoti."