Watu wa makaa ya mawe walituachia shimo shambani, nikaomba Mama season moja

Wakuu, habari za huko mliko. Naandika nikiwa kwetu upande wa Zombe, Kitui, mikono imechubuka na bundles ziko karibu kuisha. Nitawaambia vile ilikuwa, sitaongeza chumvi. Hata pale nilionekana mjinga sijapaondoa.

Nikiwa bado primary, watu wa makaa ya mawe walikuja kwetu kupima kama makaa iko chini.

Walichukua ile sehemu nzuri ya shamba, kule chini, wakamwaga murram, ule udongo wa changarawe wa barabara, wakaishindilia ndio mashine ya drilling isimame. Kando wakachimba shimo kubwa la kumwagia matope ya kijivu yanayotoka chini.

Tukaambiwa makaa iko. Tutahamishwa, tutalipwa. Tusijenge, tusipande miti, tungoje.

Tukangoja.

Mashine ikaenda. Hakuna mtu alirudi kutuambia tuhame, na hakuna mtu alirudi kutuambia tukae. Bati ikitoboka tulikuwa tunaweka sufuria chini. Nani atarekebisha nyumba inayoenda kubomolewa?

Sasa hapa ndipo kuna uchungu.

Baba alikufa tukiwa kwa hiyo kungoja. Sisi Wakamba mtu huzikwa kwa shamba lake. Lakini Baba alikuwa amesikia makaburi pia yatahamishwa, akasema yeye hawezi kufukuliwa kama kiazi. Akataka azikwe kwa kaka yake Kikima, kule Makueni milimani, mahali hakuna mtu anatafuta kitu chini ya ardhi.

Tukafanya hivyo. Na makaa haijachimbwa mpaka leo.

Kwa hivyo Baba yuko Makueni, sisi tuko Kitui, kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea. Hiyo huwa inanichosha kuliko kulima.

Mama alikuwa anaenda Kikima kung'oa magugu kwa kaburi. Kila akirudi anakuwa kimya zaidi. Mwaka jana akarudi akasema anahamia huko, Baba Mkubwa amempa mahali pa kujenga.

"Hapa kuna nini, mwana wakwa? Ni shimo tu na kungoja."

Mimi ndiye last born, ndugu zangu wote walishaenda mjini. Nikamwomba season moja, mvua ya Oktoba. Nikirudisha ile sehemu waliyoharibu ikazaa, abaki. Isipozaa nitambebea magunia mwenyewe mpaka Kikima.

"Sawa," akasema. "Lakini vyombo nimeshafunga, sifungui."

Na kweli hakufungua. Tulikuwa tunakula na sahani mbili, zingine ziko kwa gunia.

Wakuu, mimi nikipanga kitu kwa akili huwa kinatoka kizuri sana. Nilikuwa nimeshaona mapapai, mipira ya maji, lori linatoka hapo limejaa. Nikachukua jembe nikapiga mara ya kwanza. Jembe likaruka. Ile murram ilikuwa imeshikana kama lami.

Nikaenda kwa Mama Nduku, jirani yetu. Yeye ndiye kiongozi wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Akakuja na wenzake, akaangalia pale chini, kisha akaniangalia mimi.

"Kijana, unataka tulime barabara?"

"Tujaribu tu, Mama Nduku."

"Na wenye makaa wakirudi?"

"Watapata ndengu."

Aki wale wamama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Ati watapata ndengu!" Lakini walikuja, na sururu zao na mitaimbo.

Tulianza na shimo, kwa sababu mvua ikinyesha linajaa, na mbuzi wa Mama Nduku alishawahi kuzama humo. Tukajaza mawe, matawi na udongo. Bomba la drilling waliloacha limesimama hapo tukaliziba na simiti. Halafu murram tukaivunja kidogo kidogo, tukachimba vishimo vya kupandia ndengu, yaani choroko, na kuweka mbolea ya zizi, tukainua matuta ya kuzuia maji.

Mama hakulima. Alikuwa analeta uji, anaweka chini, anaenda. Lakini siku moja aligeuka akaambia mmoja wa wale wamama, "Hilo tuta likiachwa hivyo maji itabomoa." Kisha akaenda zake. Mimi nikafurahi kama mtu amepata kazi.

Mvua ilichelewa, ikaja na hasira, ikakatika.

Sehemu ya juu, pale tulipovunja murram, ndengu ilisimama vizuri. Lakini pale palipokuwa na yale matope ya kijivu, ilimea ikawa yellow, ikakufa. Udongo ukabaki mweupe, mgumu, kama uji umekauka kwa sufuria.

Na deni ya mwethya hailali, wakuu. Mchana nalima kwa watu, jioni napitia kwangu kuangalia kile kipande kimekataa. Kuna siku nilikaa hapo nikashindwa hata kuinuka kwenda kula.

Tulivuna. Gunia halikujaa.

Siku hiyo Mama akashuka peke yake, akatembea shamba lote polepole. Mimi nilikuwa nyuma yake nikingoja kuambiwa nibebe magunia.

"Huku kumezaa," akasema.

"Kidogo, Mwaitu." Ndivyo tunavyoita mama.

"Na hapa pamekataa."

"Hapo pamekataa."

Akapiga mguu chini mahali peupe. "Basi mimi mtanizika hapa."

"Mwaitu!"

"Nini? Huko juu hapana. Huko panazaa, msiniweke niharibu udongo mzuri. Hapa."

Nikauliza tu, "Na Baba?"

Akaangalia upande wa Kikima. "Baba yako aliogopa kusumbuliwa. Nitakuwa naenda kumsalimia. Lakini mimi sihamishwi na watu hata hawakurudi."

Akaanza kupanda kwenda nyumbani. Halafu akageuka.

"Na hapo uanze kulegeza sasa. Ukingoja nikufe, vile pako pagumu, mtanichelewesha."

Wakuu, nilicheka na machozi yanatoka.

Nimejifunza hivi: hakuna mtu atakuja kukuambia kungoja kumeisha. Hata aliyekuambia ungoje alishasahau jina lako. Wewe ndiye unachukua sururu, na unaichukua ukiwa umechoka.

Sasa nisaidieni. Nani hapa alishawahi kurudisha udongo wa matope ya drilling, au kwenu walichimba quarry wakaenda? Mliweka nini? Mbolea nimeweka mara mbili, imekataa. Hata kama ni mti mmoja mkaidi, niambieni jina.

Kama uko Kitui au Makueni na kwenu pia mliambiwa mngoje, andika hapo chini umefanya nini. Mimi wacha niende nikalegeze hapo kabla jua halijakuwa kali. Mama ananiangalia kutoka kwa mlango.