Vifaru Vilivyochelewa Vita

Mdogo wangu alikuwa anapofuka, na sisi nyumba nzima tukalaumu mtandao. Naanza na hilo nisije nikazunguka, maana nikianza kuzunguka nitaishia kulia, na nina nguo za watu mezani.

Alikuwa dereva wa Fuso. Alibeba mahindi ya soko la Kibaigwa kuyaleta Dodoma, na akiwa hana safari alilala kwangu Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, kwenye chumba cha uani. Yeye hakuwa ameoa, na mimi mume wangu alishakwenda zake, shauri yake. Mimi ni fundi cherehani. Nakaa barazani na cherehani yangu kutwa. Yeye akirudi mchana anaoga, anakula ugali wa uwele na mlenda, anavuta mkeka karibu na miguu yangu, anafungua simu. Basi, hapo ndipo vita inapoanza.

Ulikuwa mchezo wa vifaru. Unacheza na watu usiowajua, wako huko kwao duniani, saba upande huu na saba upande ule. Vifaru vimepangwa kwa madaraja, la kwanza mpaka la kumi, na hupewi cha juu mpaka umekicheza cha chini ukachoka nacho. Mwanaume mzima, ndevu zimejaa, analala kifudifudi barazani anapiga kelele "Nimemla! Nimemla!" mpaka mteja ninayempima kiuno anaruka. Nikawa namwambia, wee, utanifukuzia wateja na vita vyako hivyo. Anacheka tu. Alikuwa na kicheko cha kuudhi, Mungu anisamehe, kile kicheko sasa nakitafuta.

Alijua habari za kila kifaru, na alinisimulia nikitaka nisitaki. Cha Warusi kile chenye pua iliyochongoka: ukikipiga mbele risasi zinateleza, tena kinakimbia kuliko ukubwa wake, lakini mgongo wake laini. Cha Waingereza kinaficha mwili nyuma ya kilima kinatoa kichwa tu, na hicho kichwa hakitoboki. Cha Wamarekani hakina sifa kubwa hata moja wala aibu hata moja, kama fundi anayeshona kila kitu ila suti. Huo mfano nilimpa mimi, akaupenda, akawa anaurudia kwa wenzake wa Kibaigwa kana kwamba ni wake.

Kwa kweli vifaru kwetu havikuanzia kwenye simu. Sisi ni watu wa Kongwa. Waingereza walipokuja kulima karanga baada ya vita yao kubwa, matrekta hayakuwatosha, wakaleta vifaru. Vilikatwa kichwa, mizinga ikatolewa, vikafanywa matrekta. Babu yetu mzaa baba alikuwa kwenye kundi la kufunga minyororo. Mashine mbili zinakwenda sambamba, katikati mnyororo mnene, pori linalala. Baba alitusimulia tukiwa watoto: mvua ikanyesha kidogo, jua likawaka, ardhi ikawa saruji, majembe yakakatika yote. Karanga zenyewe hazikuonekana. Wazungu wakafungasha. Baba alikuwa anamalizia kwa kupiga paja, "Kilimshinda Mjerumani, hakikuishinda Kongwa!" Mdogo wangu alikitafuta kifaru hicho kwenye mchezo wake, akakiona, akaguna. "Kumbe daraja la tano tu, dada." Nadhani alimwonea huruma babu.

Halafu akaanza kufa ovyo. Yuko katikati ya vita, anakwenda vizuri, mara anapigwa kutoka kushoto, kifaru kinaungua. "Huyu katokea wapi?" Anaanza tena, anapigwa tena. Akasema ni mtandao, unachelewa kumwonyesha maadui. Akabadilisha laini. Akasema ni simu, akaazima ya mwenzake. Siku moja nimeinama natunga uzi kwenye sindano, nikatupa jicho kwenye kioo cha simu yake, nikaona kifaru kizima kimesimama pembeni ya nyumba, kinamlenga.

"Si huyo hapo?"

"Wapi?"

"Hapo! Kipofu wewe?"

Akapigwa. Tukacheka wote wawili, na mimi nikarudi kwenye sindano yangu.

Baadaye akavunja kioo cha kushoto cha Fuso kwenye nguzo ya kibanda cha chai Kibaigwa. Akasema nguzo ilisogezwa. Jamani, nguzo inasogezwa? Akawa anarudi macho mekundu, yanatoa machozi, anasema yanamuuma na anaona kama ukungu. Hapo nikampigia mama simu Kongwa, naye hakuuliza mara mbili. Alikuja na kibano.

Aliyezaliwa kwetu atanielewa. Kwetu jicho likiuma ni vikope, na ugonjwa mwingine wa jicho hatukuujua. Vumbi, nzi, maji ya shida, kope zinageuka zinaota kwa ndani, zinakwangua jicho mpaka lizimike. Kila nyumba ina kibano chake. Wanawake wanakaa mlangoni penye mwanga, mmoja analaza kichwa kwenye paja la mwingine, anang'olewa kope moja moja. Mama yetu mkono wake ulisifika, watu walitoka vijiji vya mbali kuja kulala kwenye paja lake. Na bibi, mama yake mzazi, alipofushwa na vikope hivyo hivyo mama akiwa binti ambaye hajajua kushika kibano. Kwa hiyo usimwambie mama habari ya kusubiri.

"Lala hapa," akamwambia mdogo wangu, kabla hata hajavua kanga ya safari. Akalala. Mama akamng'oa kope zote, za juu na za chini. Na kweli alipata nafuu! Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Wekundu ulipungua, akashukuru, akarudi barabarani. Mama akawa anakuja kila kope zilipoanza kuchomoza. Alisema kitu kimoja tu kilichokuwa kinamsumbua kwenye safari zake, kwamba basi likipita Buigiri anageuza uso, asiione shule ya watoto wasioona. Mdogo wangu yeye alikuwa anawapigia honi akipita, kwa sababu walikuwa wakiifurahia.

Ni pale pale Buigiri alipotaka kumgonga mwendesha bodaboda. Huyo wa bodaboda alikuwa kushoto kwake, mchana kweupe, na koti la njano. Utingo ndiye aliyepiga ukelele akavuta usukani. Hakuna aliyeumia, ila utingo hakunyamaza, na alifanya vizuri. Tajiri mwenye gari akasema kwa upole kabisa: nenda hospitali kwanza, usukani utaukuta.

Nilimsindikiza mimi. Daktari alikuwa binti mdogo, ana subira. Alimwekea kidevu kwenye mashine, akampa kitufe mkononi, akamwambia kila ukiona kitone cha mwanga bonyeza. Nilikaa kwenye benchi nyuma nikawa nasikiliza hicho kitufe. Kilikuwa kimya muda mrefu mno. Nikadhani mashine haijawashwa.

"Hivi si vikope," daktari akasema. "Ni presha ya macho. Inakula kutoka pembeni kuja katikati, polepole, mtu asijue. Kilichokwenda hakirudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki."

Nikamuuliza kimebaki kiasi gani. Akakunja vidole vyake vikawa tundu dogo, akaweka kwenye jicho lake la kulia. "Kama hivi." La kushoto akalifunika na kiganja.

"Na kope?" mdogo wangu akauliza.

"Kope zako hazina tatizo lolote. Hazikuwa nalo, ule wekundu ulikuwa vumbi la barabarani. Mngekuja mapema."

Nikawaka. Nikamwambia yule binti wa watu, mapema ipi, sisi tulikuwa tunamtibu, unadhani tulikuwa tumekaa? Yeye akanisogezea karatasi za kufutia machozi. Nilimchukia kwa zile karatasi. Nje, kwenye ngazi, mdogo wangu akanishika mkono, mara ya kwanza tangu tukiwa watoto, nikajua ananishika kwa sababu haoni ngazi. "Dada," akasema, "mama asiambiwe habari ya kope. Mwambie macho yameshindikana tu."

Basi akakaa nyumbani. Dawa ya matone asubuhi na jioni, na kila tukirudi hospitali kile kitufe kimezidi ukimya. Fuso akapewa mtu mwingine. Marafiki walikuja mwanzoni, wakampa pole kwa sauti kubwa, kana kwamba ni masikio yanayokufa, kisha wakapungua. Alichobakia nacho ni simu, na hapo mimi mwenyewe nikaacha kuisema vibaya.

Alikuwa daraja la tisa. Alitaka afike la kumi kabla hajafungiwa mlango kabisa, na alitaka kifaru kimoja tu, cha Wajerumani, kikubwa kuliko vyote, ambacho wenyewe walikiita Panya kwa mzaha. Nikamuuliza kwa nini hicho, mbona kinatambaa kama kobe. "Hicho hakihangaiki, dada. Chuma chake cha mbele kinene, cha ubavuni kinene. Mtu asiyeona pembeni anataka kifaru chenye mbavu nene. Wao waje, mimi nasimama."

Nikawa macho yake. Nilihamisha kigoda nikakaa kushoto kwake, suruali ya mtu iko pajani, nikawa namwambia: kushoto, nyuma ya jiwe, wa Kirusi, anatoa pua. Rudi. Rudi! Sasa mpige. Mimi niliyekuwa nachukia vita! Vifaru nilivijua mpaka kwa mlio. Wateja walikuta cherehani imesimama na mwanamke mtu mzima anapiga kelele "Mmalize huyo!" Mara nyingine tulishinda. Mara nyingi tulipigwa, kwa sababu mpaka niseme na yeye atafute na lile tundu lake, adui ameshafyatua.

Siku moja tukisubiri vita ianze nikamuuliza huyo Panya aliua watu wangapi kwenye vita ya kweli.

"Hata mmoja. Walitengeneza viwili tu, kimoja hakikupata hata mzinga wake. Vita ikawa imewafikia mlangoni, wakakilipua wenyewe kile chenye mzinga. Warusi waliokota kichwa cha kimoja wakakiweka kwenye mwili wa mwenzake, kipo makumbusho."

"Na cha Warusi, cha pua?"

"Kilikuja vita imekwisha. Kizito mno, jeshi likakikataa."

"Cha Waingereza?"

"Cha majaribio tu."

"Cha Wamarekani?"

"Kilichorwa kwenye karatasi."

Nikaacha kushona. "Kwa hiyo hivi vikubwa vyote vilichelewa vita?"

"Karibu vyote," akasema. "Ndiyo maana vikawa vikubwa. Waliendelea kuongeza chuma huku wanashindwa." Kisha akacheka kile kicheko chake, lakini kifupi. "Cha babu ndicho kilichofanya kazi. Nacho Kongwa ikakishinda."

Nilimwekea matone yake ingawa saa ilikuwa haijafika.

Alimpata Panya mchana mmoja wa upepo, vumbi la Dodoma linapiga mabati, mama yuko kwangu tangu jana yake. Simu ikapiga tarumbeta. Niliruka, nikashangilia, nikamkumbatia shingoni. "Kimefunguka! Mdogo wangu, kimefunguka!"

Akaileta simu karibu na pua. Akaisogeza juu, akaishusha, akaipeleka pembeni polepole, anatafuta. Aliisogeza hivyo kwa muda. Halafu akanyoosha mkono nayo kuelekea sauti yangu.

"Nieleze," akasema.

Nikamweleza. Kijivu. Kipana kama nyumba ya tembe. Mizinga miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba pembeni yake. Minyororo yake ya kutembelea imefunikwa na mabamba ya chuma mpaka karibu na ardhi. Hakuna mahali pa kukitoboa, nikamwambia, hakuna kabisa. Aliitikia kwa kichwa kila nikisema kitu, kama mtu anayethibitisha habari aliyokwisha kuisikia. Hakunigusa kuomba simu tena. Nikaiweka kwenye mkeka na Panya akawa anazunguka peke yake humo kwenye gereji yake, safi, hajapigana.

Mama alikuwa mlangoni anatutazama muda wote. Akavuta kigoda kwenye mwanga, akatoa kibano kwenye pindo la kanga.

"Njoo ulale, mwanangu. Naona zimeota tena, ndizo zinazokuzibia."

Nilitaka kumwambia mama basi, inatosha, weka hicho kitu, hazijawahi kuwa kope! Nilifungua mdomo kabisa. Mdogo wangu akanikanyaga mguu, kwa nguvu, sijui aliuonaje. Akaenda kwa kupapasa ukuta, akalala kwenye paja la mama.

Mama akamng'oa kope moja moja. Hakuharakisha. Kila moja aliifutia kwenye kanga, na kila moja mdogo wangu alitoa machozi. Alipomaliza akamfuta uso, akamwinua akamkalisha, naye mama akanyanyuka kigodani taratibu kwenda kusuuza kibano kwenye ndoo, kule kushoto.

"Haya," akasema akiwa ameinama kwenye ndoo. "Unaona vizuri sasa?"

Mdogo wangu akatabasamu, akakigeukia kile kigoda kitupu mbele yake.

"Naona vizuri, mama," akakiambia.