Jicho la Mizani

Tarishi wa ofisi ile ya kutetea haki za binadamu, askari jela mstaafu, alikuwa na jicho la mizani. Mgeni akiingia tu, alimtazama kutoka utosini hadi unyayoni, midomo ikimchezacheza, akajua kilo zake. Karani alizoea kumtania.

"Mzee, leo mimi ngapi?"

"Sitini na moja, binti yangu. Punguza sukari."

Karani akaenda kujipima zahanati, ikawa sitini na moja kamili, wakacheka mpaka machozi. Mikono ya mzee ilikuwa mipana kama koleo, lakini fomu za kudai adhabu ya kifo ifutwe alizibeba kama mayai, na alimwambia ahsante mara mbili kila aliyetia sahihi.

Asubuhi moja akaja mama ambaye mwanawe alihukumiwa kunyongwa. Alitia sahihi, akaketi, uso umemchangamka.

"Nimetoka kumwona sasa hivi, kaka. Anasema jana wamempima uzito. Angalau wanajali afya yake, au siyo?"

Mzee hakuinua macho.

"Ndiyo, dada," alisema. "Kunywa maji kwanza."

Akamfuata karani mezani.

"Mpigie wakili. Aende mahakamani leo hii, asingoje kesho."

"Kwani kuna nini, mzee?"

"Urefu wa kamba hufuata kilo za mtu," alinong'ona. "Miaka kumi na minne, aliyekuwa akiwapima ni mimi."