Gauni Lililongoja Kazi

Dada yangu mkubwa anaitwa Pasi. Jina alilopewa na wazazi wetu lipo, lakini ukiliulizia mtaani utaambiwa hakuna mtu wa hivyo. Ana pasi mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba, na haamini kabisa kwamba binadamu anaweza kufika popote akiwa na nguo iliyokunjamana. Mimi, mdogo wake, ndiye ninayeshona. Kwa pamoja tunaendesha chumba cha nguo nyuma ya ukumbi wa mtaa, ambako mtu anayetafuta kazi huingia, akachagua vazi la heshima, akaondoka nalo bila kulipa chochote.

Nguo zenyewe ni za watu waliozichoka. Huletwa kwenye viroba, nyingine zikinuka kabati la miaka mingi. Tunazifua, narudishia vifungo, nabadilisha zipu, kisha Pasi anazishambulia. Suruali ikitoka mikononi mwake ina mstari ambao unaweza kuukatia mkate. Huzitundika kwenye henga, akazivika mifuko ya nailoni, na sharti lake ni moja: mtu asitoke pale akionekana kama aliyepewa. Atoke kama aliyenunua, tena duka la bei mbaya.

Basi kamati ya ukumbi ikaanza kukikodolea macho chumba chetu. Walitaka kuweka viti na maturubai ya kukodisha. Mwenyekiti, mzee mpole wa maneno lakini king'ang'anizi, alisema hana ugomvi nasi. Anataka tu kujua kama nguo zetu zinamsaidia mtu kweli au tunajifurahisha wenyewe. Angeleta mtafiti afanye tathmini. Ikionekana hazisaidii, chumba kinakwenda kwa viti.

Mimi nilianza kuhesabu viroba vya kuhamisha. Dada yangu, yeye, alifurahi utadhani anatarajia wakwe. Neno “tathmini” lilimnogea mdomoni. Alilitamka kwa muuza mboga, kwa jirani, hata kwa fundi bomba aliyekuja kwa shughuli zake. Alinyoosha kila kitu chumbani, pazia na kitambaa cha meza vikiwemo. Nilimwambia amebakiza kuninyoosha mimi, akaniangalia kama mtu anayelifikiria wazo hilo.

Mtafiti alikuwa binti mwenye miwani na viatu vya raba, mchangamfu, asiye na makuu. Alikaa mlangoni siku nzima akiwauliza watu wanaotoka. Kila mmoja alitusifu. Mmoja alisema sisi ni malaika, mwingine alitaka kuniombea dua papo hapo nikiwa na pini mdomoni. Pasi alipita huku na huku meno yote nje. Jioni alimwambia binti kwamba kazi imekwisha, aende akaandike.

Binti akafunika kalamu yake taratibu. Alisema kwa adabu kwamba majibu yale hayamsaidii. Mtu aliyeshika gauni la bure mkononi, aliyempa akiwa amesimama hatua chache nyuma yake, atasema nini zaidi ya asante? Alitaka kuwafuata wale waliochukua nguo zamani, majumbani kwao, aone kilichotokea baadaye.

Pasi alinuna. Alinuna hasa, mpaka chai hakunywa. Lakini dada yangu hana kifua cha kukaa na kinyongo, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufika, amevaa viatu vya kutembelea, akituhimiza twende kwa Mama Pacha kabla hajatoka.

Mama Pacha ni mwanamke wa mtaa wa pili aliyeachwa na mumewe, akabaki na watoto mapacha na kodi ya kulipa. Tulimpa gauni la buluu lenye mikono mirefu, gauni ambalo mimi mwenyewe nililitamani. Alikuwa anakwenda kuomba kazi ya kuuza kwenye duka la rangi. Alitukaribisha kwa furaha, akatuketisha kitandani maana viti havikutosha. Na pale ukutani, juu ya kitanda, lilining'inia gauni letu ndani ya nailoni yake.

“Tazama marinda yale,” Pasi aliniambia, akinibana mkono kwa furaha. “Kama yalivyotoka kwangu.”

Binti wa tathmini hakutazama marinda. Alimuuliza Mama Pacha siku ile ya kuomba kazi ilikwendaje. Mwenyeji wetu akainamisha macho. Alisema walimtazama juu mpaka chini, wakamwambia nafasi imejaa.

“Na gauni?” binti akauliza.

“Gauni sikulivaa. Lile siwezi kulivaa hovyo, dada. Njia ina vumbi, na mvua ilikuwa inatishia. Nilikwenda na sketi yangu ya siku zote. Nilisema nikipata kazi ndiyo nitalivaa.”

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kukohoa.

Tukaendelea, nyumba baada ya nyumba. Fundi seremala mmoja alikuwa amehifadhi suruali yake kwa ajili ya harusi ya bintiye, na huyo binti bado yuko shule ya msingi. Mlinzi mmoja alilifungia shati lake sandukuni kwa kufuli. Bibi mmoja alitaka azikwe na sweta tulilompa, na alitueleza hivyo kwa shukrani kubwa. Wachache walikuwa wamevaa, tena mara moja. Kila tulipoingia, nguo zetu zilikuwa salama, safi, zimenyooka, na wenyewe wamekaa na matambara yao.

Njiani kurudi nilimwonea huruma dada yangu. Nilimshauri kwamba kwenye kikao cha kamati tuyataje yale ya mlangoni tu, malaika na dua, haya mengine tuyameze. Alisimama katikati ya njia, pikipiki ikamkwepa.

“Mdogo wangu, huoni? Ni pasi yangu,” alisema, na macho yalimwaka. “Nimewapa watu nguo za kutazama. Sasa tumejua!”

Nilidhani jua limempanda kichwani. Kumbe alikuwa na furaha ya mtu aliyehangaika na mlango siku nyingi, kisha akaambiwa unafungukia ndani.

Kikaoni aliyasema yote, binti wa tathmini akiwa pembeni yake. Mwenyekiti akauliza, bila ubaya, kama basi anakubali kwamba huduma imeshindwa. Pasi alisema imeshindwa kwa jinsi alivyoiendesha yeye, akaomba muda mfupi aiendeshe vingine. Wajumbe walivutana sana. Mwisho walimpa mpaka kikao kijacho, na mmoja wao alipotoka alipitia chumbani kwetu kupima ukuta kwa ajili ya viti.

Dada yangu hakumjali. Nailoni zote alizitupa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuondoka na nguo mkononi. Unaivaa pale pale, zile kuukuu ndizo zinazobebwa mfukoni. Ukishaivaa, unaketi, unapewa chai, na Pasi mwenyewe anaikamata sketi yako na kuifinyanga kwa viganja mpaka inakunjana. Mara ya kwanza alipofanya hivyo aliangalia pembeni, maskini, kama mtu anayechomwa sindano. Alimwita na Mama Pacha, akamvika gauni la buluu, akamfinyanga, akamsukuma nje arudi dukani akaulize tena.

Siku ya kikao, roho yangu ilikuwa juu. Binti wa tathmini alisoma aliyoyaona: wengi sasa wanavaa. Mwenyekiti alitikisa kichwa, akasema kuvaa ni jambo moja na kusaidika ni jingine, na viti vinaharibikia nje. Nilianza kukusanya sindano zangu moyoni.

Hapo Mama Pacha akaingia. Alikuwa amekunja kitu kwapani na hakujua kama kuna kikao; alimtafuta Pasi tu. Alipotuona wote alitaka kurudi nyuma, lakini Pasi alishamshika mkono.

“Dada, unisamehe,” alisema kwa sauti ndogo, akikunjua gauni la buluu. Lilikuwa na doa jeupe la rangi begani na jingine pajani, pindo limechanika, na kwapani rangi yake ilikuwa imepauka kwa jasho. “Nimeliharibu.”

Pasi alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza upande huu na ule, akatoa kicheko kilichowashtua wajumbe. Alilipeleka moja kwa moja mbele ya mwenyekiti na kulitandaza mezani juu ya makaratasi yake.

Mwenyekiti aligusa doa kwa kidole. Akamuuliza Mama Pacha amelifanyia nini gauni la watu.

“Nimelifanyia kazi, baba. Wiki nzima nasimama dukani,” alijibu. “Nimekuja kuomba jingine, kesho naingia asubuhi.”

Mwenyekiti aliliangalia gauni, akawaangalia wajumbe wake. Kisha akamwambia yule aliyepima ukuta atafute turubai la kufunikia viti huko nje, na Mama Pacha akaja kwangu nimpime kiuno.