Kamwene ya Laurenti

Laurenti hakuwahi kumpiga mkewe, Tabea, bila kumsalimia kwanza. Msicheke, ndivyo alivyokuwa. Akirudi kupasua mbao kule Matembwe, anavua saa, anaitia mfukoni, kisha anasema kwa upole, "Kamwene." Kwa Wabena hiyo ni salamu ya heshima kabisa, hata mlangoni mwa kanisa watu wanapeana. Tabea asipoitikia, anangoja. Akiitikia tu, ngumi. Kamwene hizo zilimtoa meno mawili, na mkono wa kushoto ulivunjwa kwa ubao ukaunga vibaya, mpaka leo haunyooki.

Miaka minne iliyopita Tabea alitoroka na nguo alizovaa, akashukia Makambako, akapata kazi ya kupika kwenye gesti ya madereva wa malori. Huko ndiko alikoanza kuandika, amini usiamini. Maharage yakiwa motoni, anakaa juu ya gunia la mkaa, anaandika mambo yake kwenye simu. Majina alibadilisha. Kila kipande akakirusha kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa kwaya, nao wakarushiana, madereva wakadaka. Ikafika mahali watu wanakula ugali huku wakimlaani yule mume wa kwenye simu, na mwandishi mwenyewe ndiye anayewapakulia, kimya.

Ndipo akapiga simu Steven, bwana mmoja wa Dar es Salaam, wa kampuni inayouza vitabu vya kusomea kwenye simu. Alikitaka kisa chote, kwa sharti moja.

"Dada Tabea, hiyo kamwene tuitoe. Msomaji wa Tanga ataielewa wapi? Tuweke 'habari za jioni.' Nijibu kabla ya Jumamosi."

"Itoe!" alisema Asteria, mpishi mwenzake, aliyejua siri yote. "Kamwene na saa mfukoni, Laurenti akisoma atajijua. Akijijua atakuja kukuua, mdogo wangu."

Tabea aliogopa, na kule kuogopa kulimuudhi. Bila neno lile, kisa kilikuwa cha mlevi yeyote. Laurenti hakuwa mlevi! Alikuwa anapiga kwa adabu, na hapo ndipo palipomuuma kuliko ule ubao. Ijumaa asubuhi aliandika, "Sawa, itoeni." Kidole kikagoma kutuma.

Mchana wake alikuwa anasonga ugali, ameupa mlango mgongo. Akasikia mkanda wa saa ukifunguliwa.

"Kamwene," sauti ikasema. "Nimejisoma, mke wangu, nikafuata simu hadi simu mpaka hapa."

Hakuitikia. Laurenti akangoja.

Asteria hakuwahi kumwona yule mtu maishani. Lakini aliona saa ikiingia mfukoni, na kinachofuata alikijua, maana alishakisoma mara tatu.

"Kamwene!" akaitikia yeye, akammwagia sufuria la maharage yanayochemka kifuani.

Lo! Mwanaume alibweka. Akamrukia Tabea, akamkaba koo, akamgongesha kichwa ukutani mara mbili, damu ikaruka. Tabea akamtandika mwiko wa usoni mpaka mwiko ukakatika, kipande kilichobaki akamchoma nacho shavuni. Madereva wakaingia mbio. Mmoja wao, Filbert, akamkaba Laurenti kwa nyuma, akampapasa mfuko, akaitoa saa.

"Jamani, ndiye huyu! Ndiye yule wa kwenye simu!"

Alipigwa kipigo cha mbwa koko. Polisi walipofika, aliyekuwa akisalimia kwa upole hakuwa na midomo ya kusalimia nayo.

Tabea alikaa juu ya gunia lake la mkaa, damu ikimchuruzika sikioni. Akaufuta ujumbe ambao hakuutuma, akapiga simu.

"Bwana Steven, kamwene inabaki. Saa nayo inabaki. Hamtaki, basi, kaeni na kampuni yenu."

"Lakini dada, watu wa Tanga..."

"Wajifunze. Asteria alijifunzia humohumo kwenye simu, ndiyo maana unanisikia naongea."